Mmea Utakaoipita Julai: Mwongozo wa Kuchagua Mimea ya Bustani Nairobi

Mvua ya masika ikianza, vitalu vya kando ya Ngong Road, Kiambu Road na Limuru Road hujaa wateja. Udongo umelainika, unachimbika bila taabu, na kila mtu anataka kubeba kitu nyumbani: mche wa embe, mpapai, frangipani, bogenvilia, trei ya nyanya. Halafu Juni inaingia na jua linapotea. Kufikia katikati ya Julai mpapai haujaongeza hata jani, mrihani umegeuka mweusi, nyanya zimeoza zingali mbichi, na mwenye bustani anamlaumu aliyemuuzia. Mara nyingi muuzaji hana hatia na mche haukuwa na kasoro. Ulichaguliwa kwa macho ya Aprili, ilhali mtihani wake ulikuwa Julai.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye ploti ndogo, ua wa nyumba ya kupanga, au roshani tu ya ghorofa ya nne, anayetaka mimea itakayoipita kipupwe ikiwa hai na yenye sura nzuri. Nairobi ni mahali pazuri mno pa kulima bustani. Inauma kuona pesa na jasho la watu vikipotelea kwenye mimea ambayo isingeweza kufaulu pale ilipopandwa.

Hatua ya kwanza: ijue baridi yetu

Baridi ya Nairobi haigandishi maji bombani. Katika kituo cha hali ya anga cha Dagoretti Corner, kilicho mita 1,798 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai joto hushuka kwa wastani hadi nyuzi 11 au 12 hivi, na mchana hupanda hadi 21 au 22. Kwa mimea mingi joto la namna hiyo haliui. Kinachoumiza ni kukosa jua. Januari na Februari tunapata takriban saa tisa za jua kwa siku. Julai ni kama saa nne, na ziko siku ambazo halionekani kabisa. Sababu yake ni upepo wa kusi. Unasukuma hewa yenye ubaridi na unyevu kutoka Bahari ya Hindi, hewa hiyo inapanda kuelekea nyanda za juu mashariki mwa Bonde la Ufa, inapoa zaidi kadiri inavyopanda, na kugeuka wingu zito la chini linaloufunika mji tangu alfajiri hadi alasiri.

Fikiria basi mmea uliozoea joto la Malindi au la Makueni. Mwanga wa kujitengenezea chakula umepungua kwa nusu, na udongo ambao mvua ya Mei iliulowesha haukauki. Mizizi inakaa kwenye tope baridi wiki 12. Mmea wenye njaa, ulioloa miguu, haukawii kupata ukungu. Ndiyo maana swali la "huu unavumilia baridi?" halitoshi. Uliza kama unavumilia mawingu na unyevu pia.

Iko baridi nyingine ambayo watu wa mjini hawaihesabu. Usiku wa Januari na Februari, anga ikiwa wazi, ardhi hupoteza joto haraka, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutulia mabondeni. Hapa jijini haileti madhara makubwa. Ukipanda kuelekea Limuru na Kinangop ndiko sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, huunguza viazi na mboga. Januari 2012 iliunguza mashamba ya chai kule Kericho na Nandi. Kwa hiyo mwenye bustani wa Limuru ana majira mawili ya kujihadhari nayo, na wa Embakasi ana moja.

Hatua ya pili: jua mtaa wako uko juu kiasi gani

Watu husema "Nairobi" kana kwamba ni mahali pamoja. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624, Wilson uko 1,690, Dagoretti Corner karibu 1,800, na Limuru inapita 2,200. Ruai na Athi River ziko kwenye 1,500 na kitu. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo kati ya mtu wa Ruai na mtu wa Limuru mnaweza kuwa na tofauti ya nyuzi nne hadi tano saa hiyo hiyo, na mko mwendo wa saa moja na nusu kwa matatu. Kwa mmea hiyo ni nchi nyingine.

Simu nyingi siku hizi huonyesha mwinuko kwenye dira au ramani. Lakini ziko alama za ardhini ambazo wakulima walizitumia kabla ya simu, na mimi naziamini sana. Palipo na chai, uko juu na baridi ni ya kweli. Si bure chai ya kwanza ya nchi hii ilipandwa Limuru mwaka 1903. Palipo na kahawa, au palipokuwa na kahawa kabla ya nyumba, kama Runda, Kitisuru na upande wa Kiambu, uko katikati: baridi ipo lakini mimea mingi huivumilia. Palipo na migunga na nyasi ndefu za mbuga, kama Syokimau, Kitengela, Utawala na Ruai, uko chini, una joto na jua zaidi, lakini mvua ni chache na udongo ni mgumu.

Karen iko ukingoni. Shamba kubwa la kahawa lililokuwa hapo, chini ya milima ya Ngong, liliuzwa mwaka 1931 baada ya miaka ya mavuno duni. Mwinuko ulikuwa umezidi kidogo kwa kahawa, na ukame ukaongezea. Anayeishi Karen leo na akatamani mwembe aikumbuke habari hiyo. Ikiwa kahawa, ambayo ni mmea wa nyanda za juu, iliona hapo ni juu mno, embe itaonaje?

Hatua ya tatu: tafuta jua la Julai linapita wapi kwenye ua wako

Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Nairobi iko kusini kidogo mwa ikweta. Tangu mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la saa sita mchana huwa upande wetu wa kaskazini. Juni 21 ndipo linapokuwa limeinama zaidi kuelekea huko, likiwa nyuzi 65 hivi kutoka kwenye upeo wa macho. Desemba mambo hugeuka, jua likahamia kusini. Maana yake ni kwamba ukuta unaotazama kaskazini hupigwa na jua msimu wote wa baridi, na ule unaotazama kusini hukaa kivulini miezi ile ile ambayo jua ni haba.

Hesabu ni rahisi. Jengo la urefu wa mita 10, yaani ghorofa tatu hivi, hutupa kivuli cha karibu mita nne na nusu upande wa kusini saa sita mchana mwezi Juni. Ploti nyingi za mitaani zina kijia cha mita mbili au tatu kati ya nyumba na ukuta. Kijia hicho, kikiwa upande wa kusini, hakioni jua la mchana tangu Mei hadi mapema Agosti. Utakiona kwa macho: kijani cha kuvu kimeshika sementi, na nguo zilizoanikwa hapo hazikauki. Usipande waridi hapo. Usipande nyanya. Weka mimea ya kivuli, ambayo nitaitaja mbele.

Kwenye ukuta wa kaskazini weka kile kinachotamani joto kuliko vyote ulivyonavyo: limau, pilipili, bogenvilia, mpapai kama ni lazima. Ukuta wa mawe hunyonya joto mchana na kulitoa pole pole usiku, na hiyo nyongeza ndogo ya joto inaweza kuuvusha mmea.

Kwa wanaokaa ghorofani, kanuni ni ile ile. Simama kwenye roshani saa sita mchana ya siku yenye jua mwezi Juni au Julai uone kama mwale unafika sakafuni. Usipofika, achana na mrihani na pilipili hoho, chukua mnanaa na vitunguu vya majani.

Kama ploti yako imeshuka kuelekea mto, Mbagathi au Mathare au kijito chochote, jua kwamba sehemu ya chini ndiyo yenye baridi zaidi alfajiri. Mimea laini ipande juu, karibu na nyumba.

Hatua ya nne: udongo

Magharibi na kaskazini mwa jiji kuna udongo mwekundu wa volkano, mwepesi kupitisha maji na wenye asidi kiasi. Mashariki na kusini kuna ule mweusi unaoitwa wa pamba, unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka. Wakati wa baridi ndipo tofauti hii inapouma, kwa kuwa udongo mweusi hushika maji ya Mei hadi Julai.

Ujaribu hivi. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na upana huo huo, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena. Ukikuta maji bado yamesimama kesho yake saa kama hiyo, mmea wowote usiopenda kuloa miguu utaoza hapo hata kama joto linaufaa. Inua tuta la sentimita 30 au 40, changanya samadi iliyooza vizuri, na panda juu ya tuta. Wengi wa Syokimau na Kitengela hununua lori la udongo mwekundu. Ni gharama, lakini kwa kitanda cha maua mbele ya nyumba inafaa. Kwa miti usijisumbue kubadilisha udongo. Chagua mti unaoupenda huo mweusi, na mgunga wa shina la njano unaupenda kweli.

Hatua ya tano: namba za kanda kwenye pakiti zisikudanganye

Mbegu na miche inayotoka nje, hasa maua yanayoota kwa vitunguu, kama tulipu, na waridi, mara nyingi huandikwa namba ya kanda. Namba hizo zinatokana na ramani ya Idara ya Kilimo ya Marekani, iliyotolewa mara ya kwanza 1960 na kufanyiwa marekebisho ya karibuni 2023. Ina kanda 13, zinazopangwa kwa kuangalia wastani wa joto la usiku ulio baridi kuliko wote katika mwaka. Kila kanda inatofautiana na nyingine kwa nyuzi 5.6 za Selsiasi. Kanda ya 11 ni ile ambayo usiku huo huwa kati ya nyuzi 4.4 na 10, na hapo ndipo sehemu kubwa ya Nairobi inapoangukia. Sehemu za juu za Limuru, zinazopata sakitu, ziko kwenye ya 10.

Sasa tazama. Kanda ya 11 ipo pia kusini mwa Florida, na huko embe huzaa hadi matawi yanainama. Namba ni moja, usiku wa baridi unafanana, lakini wao wana miezi ya kiangazi ambayo mchana hupita nyuzi 30, na sisi hatuna. Namba ya kanda hukwambia tu kama mmea utakufa kwa baridi. Haikwambii kama utapata joto la kutosha kuchanua au kuivisha tunda. Kwa mahitaji yetu hiyo ni nusu ya habari.

Upande wa pili kuna mimea inayohitaji baridi kuliko tuliyonayo. Tulipu hutaka wiki 12 au zaidi za ubaridi wa jokofu kabla ya kuchanua. Ukizinunua zimeshapozwa zitachanua mara moja na basi. Tufaha na plamu za Ulaya huhesabu saa zinazokaa chini ya nyuzi 7, na Nairobi hatuna saa hizo za kutosha. Ukitaka tufaha, tafuta aina za saa chache kama Anna na Dorsett Golden, uzipande juu kuelekea Limuru. Kule Java ya Mashariki, Indonesia, wakulima wa tufaha huutoa mti majani kwa mkono baada ya mavuno ili kuudanganya kwamba baridi imepita. Ni kazi, lakini inafanyika.

Jambo jingine ambalo kanda hailisemi ni urefu wa mchana. Hapa mchana ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima. Vitunguu vya mbegu za Ulaya kaskazini vinavyosubiri mchana wa saa 14 au zaidi vitakupa majani tu. Chukua Red Creole au Bombay Red, zilizozoea mchana mfupi.

Hatua ya sita: chagua

Nianze na tunda la karakara, kwa kuwa linafundisha vizuri. Lile la zambarau ni la nyanda za juu, linafurahia mita 1,200 hadi 2,000. Lile la njano ni la pwani na joto. Yote mawili huuzwa kwa jina moja, "pasheni". Mtu wa mji wa Kikuyu akipewa la njano atalea mti wa majani matupu miaka miwili. Uliza rangi.

Parachichi ni la kwetu kabisa. Hass na Fuerte zote hufanya vizuri ukanda wa katikati. Ukipanda juu zaidi, Fuerte ndiyo inayovumilia baridi kuliko Hass. Lokwati huzaa Nairobi bila kubembelezwa, na ndege huipenda, jambo ambalo kwangu ni sifa. Stroberi hupenda ubaridi, mradi ziwe kwenye tuta lisilosimamisha maji. Ndizi hukua, lakini mkungu huchelewa. Mpapai juu ya mita 1,600 huzaa kwa kusitasita na tunda hukosa utamu. Mwembe ninaukataza kwa wa katikati na juu: ukungu hushambulia maua kabla hayajashika. Wa Ruai, Athi River na Kitengela wajaribu, kwenye jua kamili. Mnazi acheni pwani.

Mboga ndizo zinazotufanya tuushukuru msimu huu. Dania, ambayo Februari hukimbilia kutoa maua kabla hujaichuma, hutulia na kunenepa Juni. Sukuma wiki, spinachi, kabichi, karoti, minji na saladi zote huwa tamu na laini. Kunde na terere hudumaa, zingoje Oktoba. Nyanya za nje msimu huu ni kujitafutia hasara, kwa sababu ugonjwa wa baka, ambao wakulima huuita blaiti, hustawi hasa kwenye nyuzi 15 hadi 20 na majani yaliyoloa, yaani hali ya Julai yetu. Ukitaka nyanya lazima ziwe chini ya paa la plastiki, pande zikiwa wazi ili hewa ipite.

Maua. Waridi hupenda baridi kuliko watu wanavyodhani. Wakulima wa maua ya kuuza nje wanajua kwamba juu, kama Limuru, waridi huchukua muda mrefu kukomaa lakini kichwa huwa kikubwa, na chini, kama Athi River, huja haraka na kwa wingi lakini kichwa ni kidogo. Nyumbani tatizo ni madoa meusi na ukungu mweupe wa majani. Zipe nafasi ya mita moja moja, na usimwagie maji juu ya majani.

Kwa ile sehemu ya kusini isiyoona jua, kuna klivia, begonia, impatiensi, fiusha na haidrenjia. Haidrenjia ina raha yake hapa: kwenye udongo mwekundu wenye asidi maua hutoka ya buluu, na kwenye udongo usio na asidi hutoka ya rangi ya waridi, mche ukiwa ule ule. Agapanthasi, stelitzia na jeraniamu, zote asili yake Afrika Kusini ambako majira ya baridi ni makali kuliko yetu, hazishtuki. Bogenvilia haifi Julai, ila hupunguza maua; ukiiweka kwenye jua la kaskazini na kuacha kuimwagilia, Septemba itakulipa.

Kwa miti, fikiria kwanza ile iliyokuwa hapa kabla ya mji. Muhugu, mutamaiyu, mukinduri na muthiga ndiyo iliyofanya msitu wa Karura na wa Ngong, na imeshaona Julai zisizohesabika. Mukinduri ni mkubwa, usiuweke mita tatu kutoka kwenye nyumba. Nandi flame na jakaranda ni nzuri katikati na chini. Mmea wa uzio, kwa mtu anayetaka kitu cha miaka mingi chenye miiba ya kumzuia mwizi, ni kaiyaba.

Nyasi: za Kikuyu asili yake ni nyanda zetu hizi za juu na hustawi kwenye jua. Kivulini hukonda, hapo weka Pemba.

Usiniamini mimi tu. Julai nenda Arboretum, karibu na State House. Ilianzishwa 1907 kwa kusudi la kujaribu miti ya kigeni, enzi ambazo gari la moshi lilikuwa likila kuni, na mingine imewekewa vibao vya majina. Kisha tembea mtaa wako mwenyewe ukiangalia juu ya kuta za watu. Kinachochanua kwa jirani Julai kitachanua kwako.

Hatua ya saba: kitaluni

Swali la maana kuliko bei ni mche umetoka wapi na umekaa hapo muda gani.

"Habari ya kazi, mzee. Huu mwembe umetoka wapi?"

"Makueni, mama. Umebebeshwa, hautachelewa kuzaa."

"Umefika lini?"

"Wiki jana."

Mche huo haujauona usiku hata mmoja wa baridi. Ukiununua Mei, utatoka kwenye joto na kuingia moja kwa moja kwenye mawingu. Kama bado unautaka, uache kwenye karatasi yake ya plastiki wiki mbili au tatu mahali penye jua la asubuhi, kisha ndipo uupande, na heri iwe Oktoba.

Angalia karatasi kwa chini. Mizizi myeupe inayochungulia kidogo ni dalili njema. Mizizi ya kahawia iliyojisokota mara nyingi, au udongo unaonuka kama bwawa, achana nao. Geuza majani: unga mweupe au madoa ya kahawia yenye ukingo wa njano ni ugonjwa unaobeba nyumbani. Miche iliyokaa nje ya neti ni bora kuliko iliyodekezwa ndani, hata kama ina sura ya uchovu kidogo. Na mche mfupi mnene ni bora kuliko mrefu mwembamba, ambao urefu wake ni wa kutafuta mwanga tu.

Hatua ya nane: wakati wa kupanda

Miti ya kienyeji, waridi, parachichi na mimea yote inayopenda ubaridi, panda mvua ya masika inapoanza, mwishoni mwa Machi au Aprili mapema, ili mizizi ishike kabla ya Juni. Mimea ya joto, yaani ndimu, bogenvilia, frangipani, pilipili na karakara, ingoje vuli, Oktoba. Itapata miezi saba au minane ya joto kabla ya kuonja baridi ya kwanza, na huo ndio msaada mkubwa unaoweza kuupa. Idara ya hali ya anga hutoa utabiri wa Juni, Julai na Agosti kila mwaka. Usome kabla ya kununua kitu cha bei.

Kuanzia Juni punguza maji. Ingiza kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, acha. Ukimwagilia, fanya asubuhi ili majani yawe makavu kabla ya usiku. Usitie mbolea ya kukuza majani kwa mimea ya joto, kwa sababu machipukizi laini ndiyo huanza kuungua na kushika ukungu. Matandazo ya nyasi kavu yanafaa juu ya udongo mwekundu, lakini yasogeze mbali na shina kwa upana wa kiganja. Kwenye udongo mweusi uliolowa yaondoe kabisa hadi ukauke.

Na ikiwa tayari una mimea inayoteseka, usiing'oe Julai. Frangipani hupukutisha majani yote na kubaki kama fimbo. Hivyo ndivyo inavyopumzika, na anayeimwagia maji kwa huruma huiozesha. Kwangua gamba kidogo kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani na ncha ya tawi ikiwa ngumu, iko hai. Itatoa majani Septemba au Oktoba. Pakiwa kahawia na tawi likibonyea, kata hadi ufikie pakavu na pazima, acha kidonda kikauke bila kukifunika. Ndimu yenye majani ya njano vile vile isubiri jua lirudi kabla hujaitia dawa yoyote, kwa kuwa mara nyingi mizizi iliyopoa ndiyo imeshindwa kufyonza chakula kilichomo udongoni. Mpapai ambao kilele chake kimeoza ndio pekee wa kuondoa sasa, ili shimo lipate kukauka na kuwa tayari kwa kitu kingine mvua ya vuli ikianza.